Maneno Yasipite, Hewa Ipite: Shajara ya Ukumbi wa Watu 22

Siku ya 1

Nimekabidhiwa ukumbi wa ofisi leo. Urefu mita 16, upana mita 9, dari iko mita 3.2 juu. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta, dari ni zege, na upande mmoja mrefu wote ni vioo vinavyotazama barabara. Humu wanafanya kazi watu 22: wa hesabu, wa huduma kwa wateja wanaoshinda kwenye simu, wachoraji, na wasimamizi 3 waliobanwa kwenye kona. Agizo nililopewa ni fupi: watu wanachoka kabla ya saa 8 mchana, na kila anayeulizwa anasema ni kelele.

Sikufungua hata futi kamba. Nilichukua daftari, nikakaa dakika 20 kwenye meza moja, nikahamia nyingine, mpaka zikafika meza 9. Kila kilichonikata mawazo nilikiandika. Printa, ambayo ndiyo inayolaumiwa sana, haikunikata hata mara moja. Kiyoyozi kinavuma kutwa, na baada ya dakika 5 nilikuwa nimeshakisahau. Kati ya mara 40 nilizoandika, 31 zilikuwa maneno ya watu. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa anamsomea mteja namba ya risiti. Mimi nilikuwa mita 11 kutoka kwake, na jioni hii bado namba ile ninayo kichwani.

Kelele za mlango haziniwasi usingizi, walisema wahenga. Mlango hausemi neno, ndiyo maana.

Siku ya 2

Nimezungumza na dada wa hesabu, anayekaa meza ya 14. Nilimuuliza kelele gani inamsumbua zaidi. Akasema, "Injinia, mimi sina shida na kelele. Nina shida ya kujua habari za watu wote humu ndani." Akanionyesha alivyofanya: hedifoni kubwa, muziki juu, huku anajumlisha safu ya tarakimu. Muziki wenyewe una mwimbaji. Kwa hiyo ameondoa maneno ya wenzake akaweka maneno ya mtu mwingine, na bado anarudia safu moja mara 3.

Hili watafiti wa kumbukumbu wamelijua kwa miongo kadhaa. Ukimpa mtu mfululizo wa tarakimu aushike kichwani, maneno yanayosemwa kandoni humvuruga hata yakiwa ya chini, na hata kama ameambiwa asiyajali. Ukali wa sauti una mchango mdogo sana. Masikio hayana kope za kufumba, na ubongo ukisikia lugha huanza kuipanga bila kuomba ruhusa.

Basi kazi yangu nimeielewa tofauti na nilivyoagizwa. Sitafuti ukumbi usio na sauti. Natafuta ukumbi ambao neno likitoka mdomoni linafia karibu.

Siku ya 3, usiku

Nimerudi baada ya watu kuondoka. Kipima sauti nimeazima, kwa sababu ile programu ya simu yangu ilinipa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 4 pungufu nilipozilinganisha. Mchana wastani ulikuwa desibeli 64. Masikio hayaumii kwa kiasi hicho. Tahadhari ya usikivu kwa kawaida huanzia desibeli 85 kwa siku ya kazi ya saa 8. Lakini kwa kichwa kinachofikiri, 64 zenye maneno ndani yake ni mzigo.

Kisha nikapasua maputo. Unasimama katikati, unarekodi, unapasua, halafu kwenye kompyuta unaangalia sauti ilivyochukua muda kuzimika. Nimepasua 6, sehemu tofauti. Wastani ni sekunde 1.7 hadi sauti ishuke desibeli 60.

Kila ninapofanya kazi hii usiku namkumbuka Wallace Sabine. Mwaka 1895, akiwa mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, aliombwa atibu ukumbi wa mihadhara wa Fogg Art Museum, ambamo neno moja lilivuma kwa zaidi ya sekunde 5 na wanafunzi hawakumwelewa mwalimu. Alisubiri usiku utulie, akabeba matakia ya viti kutoka ukumbi wa maonyesho wa Sanders Theatre, akayapanga ukumbini safu baada ya safu, akapiga bomba la kinanda na kusikiliza kwa masikio yake huku akishika saa. Asubuhi matakia yalirudi mahali pake. Kutokana na kazi hiyo ya kubeba matakia tulipata hesabu tunayoitumia hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya eneo linalofyonza sauti, na jibu ni sekunde.

Ujazo wa ukumbi wangu ni mita za ujazo 461. Nikigeuza hesabu, sekunde 1.7 zinaniambia kwamba humu ndani, pamoja na viti na meza, kuna kama mita za mraba 44 tu zinazofyonza. Nyuso zote za ukumbi zikijumlishwa ni 448. Yaani sauti ikitoka mdomoni, karibu kila inapogusa inarudishwa.

Shabaha yangu ni sekunde 0.6 hivi. Nahitaji kuongeza kama mita 80 za mraba za kufyonza.

Siku ya 4

Jaribio la maneno. Hili nalipenda kuliko mashine yoyote, kwa sababu kila mtu analielewa matokeo yake. Nimeandaa maneno 20 yasiyohusiana. Kijana wa huduma kwa wateja anayasoma akiwa mezani kwake kwa sauti yake ya simu, si zaidi. Wenzake wamekaa mita 2, 4, 6, 8, 10 na 12 kutoka kwake, kila mmoja na karatasi, wanaandika walichosikia.

Mita 2: maneno 20. Mita 4: 20. Mita 6: 19. Mita 8: 18. Mita 10: 17. Mita 12: 15.

Karatasi zile nilizibandika ukutani zikiwa kwenye mstari. Msimamizi mmoja, ambaye tangu mwanzo alikuwa anasema watu wajifunze kuvumiliana, alizisoma zote, akarudi kwenye ile ya mita 12, akaisoma tena. Hakusema kitu. Mchana aliniletea ruhusa ya dari.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 3382-3, kinachohusu ofisi za wazi, kina kipimo cha jambo hilihili: umbali kutoka kwa msemaji ambao, mtu akifika hapo, maneno yanaanza kupoteza kueleweka kiasi cha kumwacha afanye kazi yake. Umbali huo ukiwa mfupi, ofisi ni nzuri. Kwetu sisi umbali huo unatoka nje ya ukuta.

Siku ya 6

Hewa. Nimeacha kipimo cha kaboni dayoksaidi juu ya kabati kwa siku 2. Asubuhi saa 2 kinasoma 480. Saa 6 mchana 1,300. Saa 10 alasiri 1,650. Nje ni kama 420 kwa kila milioni.

Madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya barabara. Nilipouliza hewa inatoka wapi, nikaonyeshwa viyoyozi vya ukutani. Hapa lazima niseme kwa msisitizo, maana nimelikuta jambo hili kila nilikofanya kazi: kiyoyozi cha ukutani cha kawaida hakileti hewa mpya. Kinachukua hewa ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Watu 22 wamekuwa wakivuta pumzi za wenzao, zikiwa baridi.

Max von Pettenkofer, daktari wa Munich, alipendekeza mwaka 1858 kwamba kaboni dayoksaidi ndani ya nyumba isizidi sehemu 1,000 kwa milioni. Hakudai kwamba gesi hiyo kwa kiwango hicho ni sumu. Aliitumia kama alama: ikipanda, ujue na vyote vingine vinavyotoka kwa watu vimepanda, harufu na vijidudu. Alama hiyo bado inafanya kazi, na ile saa 8 mchana niliyoambiwa siku ya kwanza sasa naitazama kwa jicho jingine. Sehemu ya uchovu ni maneno. Sehemu nyingine ni hewa.

Na hapo ndipo mradi unapokuwa mgumu. Sauti na hewa hupita kwenye tundu lilelile. Ukiziba kwa ajili ya moja, umeiziba na nyingine.

Siku ya 9

Mwenye jengo ameleta sponji bure, mabunda kwa mabunda, unene wa sentimita 2. Nimeikataa, na haikuwa rahisi, kwa sababu alifurahi kutusaidia.

Sababu ya kwanza ni moto. Sponji ya kawaida ya poliyurethani huwaka haraka na moshi wake ni sumu. Kuitundika juu ya vichwa vya watu 22 ni jambo nisiloweza kuliwekea saini. Sababu ya pili ni unene. Sauti ya hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, ambako kuna nguvu nyingi ya sauti ya binadamu, ina wimbi lenye urefu wa karibu mita 1.4. Kitu cha sentimita 2 kilichobandikwa ukutani hakiigusi. Kinafyonza zile sauti nyembamba za juu tu, na chumba kinabaki na mvumo wa chini kama wa mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Na wengi huichanganya kazi ya sponji. Kinachofyonza sauti chumbani hakizuii sauti kutoka chumbani. Kuzuia kunataka uzito na kufungwa vizuri. Kufyonza kunataka wepesi na vinyweleo. Ni kazi mbili tofauti.

Siku ya 11 hadi 17

Paneli. Tumechagua pamba ya mawe, unene sentimita 5, haiwaki. Kila paneli ni sentimita 60 kwa 120. Paneli 84 zinaning'inia sentimita 20 chini ya zege, na 28 zinapanda ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na watu wa simu. Jumla ni kama mita za mraba 80. Ile nafasi ya sentimita 20 juu ya paneli inasaidia sana kwenye sauti za chini, na haigharimu kitu.

Fundi wa mbao alikuwa ameshonesha kitambaa kizuri, kizito, chenye mng'ao, rangi ya udongo. Nikamwomba kipande. Nikakiweka mdomoni nikapuliza. Pumzi haikupita hata kidogo. Nilihisi shavu linajaa. Nikampa naye apulize. Akapuliza mara 2, akanitazama, akasema, "Sasa hiki si sawa na kuweka ubao?" Ndivyo kilivyo. Pumzi isipopenya, sauti nayo inagonga na kurudi, na pamba iliyo nyuma yake imelala bure. Tulirudisha robota zima, tukachukua kitambaa cha kufuma kilicho wazi kidogo. Tangu hapo fundi anapuliza kila kitu kinachoingia mlangoni.

Kukata pamba tumekatia nje, kwa barakoa, miwani na mikono mirefu. Kila paneli imevikwa kitambaa laini cha ndani kwanza, ili nyuzi zisianguke mezani kwa watu.

Siku ya 18

Usiku, maputo 6. Sekunde 0.65.

Kesho yake mchana, wastani ni desibeli 57.

Hesabu ya ufyonzaji ilikuwa inaniahidi kushuka kama desibeli 4 tu. Zimeshuka 7. Hizo 3 za ziada hazikutoka kwenye paneli, zimetoka kwa watu wenyewe. Daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, alilieleza mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Jirani naye anapandisha ili ashinde ile, na ukumbi mzima unapanda ngazi. Kinyume chake pia ni kweli. Ukianza kuwashusha, wanashushana. Leo hakuna aliyeambiwa aongee taratibu, na wote wanaongea taratibu. Nimekaa kwenye kona nikasikiliza hilo kwa nusu saa, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Siku ya 19

Viti na meza, siku nzima. Sehemu hii inajulikana na wengi, nitaandika kifupi isipokuwa kwa meza moja.

Meza zote ni za kimo kimoja, sentimita 74, zimefungwa. Dada wa mapokezi ni mfupi. Alikuwa ameshusha kiti mpaka nyayo zake ziguse sakafu, kwa hiyo viwiko vyake vilikuwa chini ya meza, na mabega yalipanda juu siku nzima ili mikono ifike kwenye kibodi. Kompyuta yake ya mapajani iko bapa mezani, shingo imeinama. Anameza dawa za kichwa mara kwa mara, na alidhani ni kelele. Tumefanya hivi: kiti kikapandishwa mpaka viwiko vikalingana na meza, nyayo zikaning'inia, tukaweka kibao cha sentimita 9 chini ya miguu. Kompyuta ikainuliwa mpaka ukingo wa juu wa skrini ukafika usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, na kibodi ya pembeni ikachomekwa. Kompyuta ya mapajani ikitumiwa peke yake kutwa haina jinsi ya kumkalisha mtu vizuri: ukiinua skrini mikono inateseka, ukishusha kibodi shingo inateseka. Lazima uvitenganishe.

Alikaa, akashusha mabega, akayapandisha, akayashusha tena. "Kumbe yalikuwa juu," alisema.

Mwanga: kwenye meza za ndani nimesoma laksi (kipimo cha mwanga) 240, kando ya vioo 1,800. Kiwango cha Ulaya kwa kazi ya kusoma na kuandika ofisini ni 500 mezani. Meza zimegeuzwa ili dirisha liwe ubavuni, lisiwe mbele wala nyuma ya skrini. Taa zimeongezwa ndani. Kwa wachoraji, wanaokaza macho kuliko wote, nimebandika kikumbusho cha kila dakika 20 kutazama mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20.

Siku ya 24

Viyoyozi vimesafishwa, beringi moja imebadilishwa. Mvumo uliokuwa desibeli 47 umeshuka hadi 36. Kila mtu ameshangilia.

Siku ya 26

Dada wa hesabu amekuja. Amesema, kwa upole sana, kwamba mambo yamekuwa mabaya zaidi. Wenzake 2 wa safu ya nyuma wanasema hivyohivyo.

Sikubisha. Nilirudia jaribio la maneno siku hiyohiyo, kwa orodha mpya, kwa sababu ile ya kwanza wameshaijua. Mita 6: maneno 17. Mita 8: 17. Mita 10: 16. Mita 12: 14. Desibeli zimeshuka, maputo yanazimika haraka, na maneno bado yanafika.

Nilipaswa kuliona mapema. Kueleweka kwa neno hakutegemei neno lina nguvu gani peke yake. Kunategemea limezidi kwa kiasi gani sauti nyingine zilizopo pale lilipofikia. Nilishusha sauti ya msemaji, nikaondoa mwangwi uliokuwa unaparaza maneno yake, halafu nikaja kuondoa na mvumo wa kiyoyozi uliokuwa unayafunika. Nimesafisha kioo, na sasa watu wanaonana vizuri zaidi.

Ukumbi tulivu mno kwa watu wengi ni tatizo. Nimelisoma mara nyingi. Leo nimelitengeneza kwa mikono yangu, na waliolilipa ni watu 3 wa safu ya nyuma kwa siku mbili.

Siku ya 27 hadi 34

Hatua tatu kwa pamoja.

Kwanza, vizuizi kati ya meza, kimo cha mita 1.4 kutoka sakafuni, vyenye pamba pande zote mbili na ubao katikati. Kimo hicho kinakata njia ya moja kwa moja kati ya mdomo na sikio la waliokaa, na aliyesimama bado anamwona mwenzake. Bila zile paneli za darini vizuizi hivi visingefaa kitu, kwa sababu sauti ingepanda, igonge zege na kushukia upande wa pili.

Pili, watu wa simu wamehamishiwa kwenye kona moja na migongo yao imegeuzwa, wanaongea kuelekea ukuta wenye paneli. Tumejadiliana nao siku 2 kabla ya kusogeza hata meza moja. Walihofu kwamba wanatengwa kama wakosaji. Niliwaambia ukweli: kazi yao ni kuongea, na ukumbi ulijengwa bila kuwafikiria.

Tatu, mvumo. Feni ya kuleta hewa, nitakayoieleza hapa chini, imewekwa kwenye mwendo unaotoa desibeli 41 sawasawa ukumbi mzima. Hauna wimbo, haupandi wala kushuka. Ni kiasi cha kufunika neno lililochoka kwa mwendo. Ukipita 45 hivi, mvumo wenyewe unakuwa mzigo na watu wanaanza tena kupandisha sauti.

Siku ya 35

Njia ya hewa. Watu 22, kila mmoja lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde: ni kama mita za ujazo 792 kwa saa. Tumeitoa upande wa nyuma wa jengo, mbali na barabara. Hewa inaingia kwenye kasha refu lenye kuta za kupishana ndani, kila ukuta umevikwa pamba ya mawe na kitambaa. Hewa haijali kona, inazunguka na kuendelea. Sauti inajali sana, maana kila kona inaigongesha kwenye pamba. Mfereji ni mpana, sentimita 50 kwa 25, ili hewa itembee polepole, chini ya mita 2 kwa sekunde. Mfereji mwembamba wenye hewa ya kasi hupiga mluzi, na hapo unakuwa umetengeneza kelele kwa ajili ya kuzuia kelele.

Saa 10 alasiri: 940. Pettenkofer angeridhika.

Siku ya 38

Chumba cha simu cha kwanza kimesimama. Mita 1.2 kwa 1.5, kimo 2.3, cha mtu mmoja. Kuta ni jipsamu tabaka mbili kila upande, fremu za pande mbili hazigusani, pamba katikati. Mlango mzito wa ubao mzima.

Tumepima: tofauti kati ya ndani na nje ni desibeli 21. Fundi alivunjika moyo, kwa jinsi alivyozijenga kuta zile. Nikamwita tulale chini sakafuni, tuwashe tochi upande wa pili. Mwanga ukatoka chini ya mlango, mwanya wa sentimita 1, upana wa mlango mzima.

Mwanya huo ni nusu asilimia tu ya eneo la mlango. Lakini sauti ipitayo kwenye tundu haipunguzwi na ukuta ulio pembeni yake. Nusu asilimia iliyo wazi inakufungia kwenye desibeli 23, hata mlango wenyewe ukiwa wa chuma. Ukuta mzuri wa mamia ya kilo unashindwa na nafasi inayopitisha kidole.

Fundi aliweka mpira kuzunguka fremu yote na kizingiti kinachoshuka mlango ukifungwa. Desibeli 34. Alifunga na kufungua ule mlango mara nyingi, akisikiliza unavyokaza.

Siku ya 40

Kijana wa huduma kwa wateja alitoka kwenye chumba cha simu baada ya dakika 20 akiwa amelowa jasho, kichwa kinamgonga. Niliweka kipimo cha hewa ndani nikakaa mwenyewe. Kuanzia 620, dakika 20 baadaye 2,050.

Hesabu inakubali. Chumba kina mita za ujazo 4 na kidogo. Mtu aliyekaa hutoa karibu lita 19 za kaboni dayoksaidi kwa saa, na joto la kama wati 100. Ndani ya sanduku lililozibwa, hiyo ni kama 75 kwa milioni kila dakika. Ule mwanya wa chini ya mlango, tuliouziba kwa furaha, ndio uliokuwa dirisha lake.

Tumetoboa mara mbili, chini upande mmoja na juu upande wa pili, na kila tundu limepewa mfereji wenye kona 2 uliovikwa pamba. Feni ni moja, ya sentimita 12, inayozunguka polepole. Ndogo ya mbio ingefanya kazi ileile kwa makelele. Huwaka mtu anapofungua mlango. Baada ya dakika 20: 880. Kuzuia sauti kumeshuka kutoka desibeli 34 hadi 32. Hizo 2 nimezitoa kwa moyo mmoja.

Siku ya 45

Jaribio la maneno, orodha ya tatu. Mita 2: maneno 19. Mita 4: 14. Mita 6: 9. Mita 8: 6. Mita 10: 4. Mita 12: 3.

Nilizibandika karatasi chini ya zile za siku ya 4. Dada wa hesabu alisimama mbele yake muda mrefu. Karatasi yake ya leo ina mistari mingi mitupu.

Ila meza ya 17 imetoa maneno 11, na iko mita 9 kutoka kwa msemaji. Nilikaa pale nikafumba macho. Sauti haikutoka mbele, ilitoka kushoto, kwenye vioo. Inagonga kioo kwa mshazari, inapita pembeni ya kizuizi, inaingia moja kwa moja kwenye sikio. Nikashika kipande cha paneli kwenye kioo, mahali nilipokisia, na aliyekaa pale akainua mkono: imekatika. Nikakisogeza sentimita 40 kulia, imerudi.

Paneli siwezi kuweka hapo, itaua mwanga wa safu nzima. Pazia zito la kufuma, lenye mikunjo mingi, upana wa mita 1.5, la kuvutwa wakati wa simu nyingi na kufunguliwa baadaye. Fundi amechukua vipimo. Kitambaa ameshakipuliza.

Siku ya 47

Pazia limetundikwa. Meza ya 17: maneno 5. Chumba cha simu cha pili kinaanza kesho, na matundu ya hewa safari hii yamechorwa kwanza, kabla ya mlango.